Shajara ya mradi: kuipima Dar es Salaam kwa miguu

8 Februari. Magomeni Mapipa hadi Kariakoo

Leo nimeanza. Mradi wenyewe ni huu: kila Jumamosi ninayoipata nitoke nyumbani kwa miguu, nizunguke Dar es Salaam, nirudi na michoro ya vitu vya kawaida vinavyopendeza machoni, mkononi au mdomoni. Lengo ni kurasa 40. Zikitimia nitachora ramani moja kubwa ya kukunja, kila kitu kikae pale nilipokikuta, nichapishe nakala 100 na kuzipeleka shule mbili za msingi za hapa jirani.

Chanzo ni binti yangu wa miaka tisa. Aliambiwa shuleni achore nyumba nzuri, akachora nyumba yenye dohani inayotoa moshi. Nikamuuliza ameiona wapi. Akasema, "Baba, nyumba nzuri ndivyo zinavyochorwa." Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na jibu lile lilinikaa rohoni wiki nzima. Mtoto kazaliwa Magomeni, hajaona dohani hata moja maishani mwake, lakini baraza analokalia kila jioni halikumjia akilini kabisa.

Vifaa: daftari lisilo na mistari, penseli mbili za 2B, kalamu moja ya wino, futi ya mita 3. Futi haitoki mfukoni mwangu, ndiyo mazoea ya kazi.

Sikufika mbali kabla ya kusimama. Nyumba za Kiswahili za huku kwetu zinafanana: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, baraza mbele. Nimepima mabaraza saba kati ya kwetu na barabara kubwa. La chini kabisa lina sentimita 38, la juu 47. Hakuna aliyewapa mafundi wale kipimo, na hawakujenga mwaka mmoja. Wote wamefuata goti la mtu mzima. Baraza hilohilo linazuia maji ya mvua yasiingie ndani, asubuhi ni duka la vitumbua, mchana babu anajinyoosha hapo, usiku vijana wanacheza drafti.

Hapo kwenye vitumbua ndipo nilipokosea. Nilitoa simu, nikapiga picha chuma cha mama mmoja kabla hata ya salamu. Akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, umekipenda chuma, chakula je?" Niliona haya. Nikamwamkia, nikakaa, nikanunua vinne. Chuma chake kina matundu saba. Uji wa mchele na nazi, wenye iliki, anaumimina kwa kikombe cha bati, na kwenye kila tundu anaacha nafasi ya kuumuka. Cha kugeuzia ni spoki ya baiskeli, ncha moja imekunjwa kuwa kishikio. Anaichomeka ukingoni, anazungusha kiganja mara moja tu, na kitumbua kinapinduka chenyewe, upande wa juu sasa kahawia na kingo zake zimekakamaa. Nimekaa nusu saa nikiutazama mkono ule. Chuma chenyewe nilikichora kwa dakika tatu.

Picha nimezifuta. Kanuni ya mradi kuanzia sasa: amkia, nunua, kaa, ndipo uchore.

Kariakoo nimefika saa tano, jua kichwani. Nimerudi kwa basi la mwendokasi. Kurasa 3.

15 Februari. Kariakoo

Nimerudi Kariakoo kwa sababu juma lililopita nilifika nimechoka. Leo nimeanza saa moja asubuhi.

Jina la mahali hapa ni la wapagazi. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walikuwa na kikosi cha wabeba mizigo kilichoitwa Carrier Corps, na baada ya kuuteka mji mwaka 1916 kambi yao ikawa huku. Wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao. Hadi leo ukisimama Mtaa wa Mkunguni huna budi kukwepa mabega yenye marobota, mikokoteni na guta. Nimechora mkokoteni mmoja wenye ekseli ya gari kuukuu. Mwenye nao aliniruhusu nishike mti wa kuvutia. Uzito umekaa juu ya magurudumu kwa usawa kiasi kwamba ukiwa na gunia nane bado mti unauinua kwa vidole viwili. Akanionyesha siri yenyewe, gunia la mwisho halipangwi juu bali linasogezwa mbele au nyuma mpaka mti uwe mwepesi.

Jengo la soko nalijua tangu chuoni. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kuelekea angani kama faneli, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Imepishana kwa urefu, kwa hiyo joto la watu na mboga linapanda na kutokea kwenye nafasi za katikati, na mwanga unaingia bila jua kukupiga usoni. Mvua inakusanywa na mwavuli na kuteremshwa. Julai 2021 soko liliungua, nami nilikuja kesho yake nikasimama mbali kama mtu aliyefiwa. Miavuli ilibaki imesimama. Nimeichora leo kutoka ng'ambo ya barabara, na nakiri mkono ulitetemeka kidogo. Nikiulizwa jengo gani la mji huu linajua lilipo, nitataja hili kabla ya minara yote ya vioo kule Posta.

Lakini ukurasa wa leo ninaoupenda ni wa fungu la nyanya.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni ya mama mmoja kwa muda wa saa nzima. Nyanya tatu chini, moja juu. Basi. Ila kabla ya kuiweka anaigeuza mkononi akitafuta shavu jekundu, halafu shavu hilo linatazama nje. Iliyopigwa kidogo inakaa katikati, imeegemezwa na wenzake. Kila baada ya muda anachovya kitambaa kwenye kopo la maji anazipangusa, zinang'aa. Hakuna mzani. Fungu lake ni sawa na fungu la jirani yake, na ukinunua mawili unapata nyongeza, ambayo nayo ina desturi yake: lazima itoke mkononi mwa muuzaji bila kuombwa mara mbili. Nilimuuliza kwa nini tatu na moja. "Nne zikilala hazionekani, kaka. Moja ikisimama zote zinasimama."

Niliandika vipimo pembeni ya mchoro, upana sentimita 14, urefu 11. Jioni nikavitazama nikaona havinielezi lolote. Nimeviacha lakini.

Kurasa 8.

22 Februari. Gerezani

Mafundi bati. Unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Mapipa, makopo ya mafuta, rimu za gari, vyote vinageuka majiko, makarai, vibatari, masanduku. Fundi niliyekaa naye anakata jiko la mkaa kwa patasi na nyundo bila kuchora mstari. Ana kipande kimoja cha bati kilichokatwa vizuri, anakilaza juu ya bati jipya na kufuata ukingo. Anakiita "mama", kwa sababu majiko yote yametoka humo. Alikirithi kwa fundi aliyemfundisha.

Nilimwomba nipime mama huyo. Akakubali, ila akaniambia nikitaka kuujua urefu wa jiko nichuchumae kama mpishi. Nikachuchumaa. Mkono wangu ulifika kwenye mdomo wa jiko bila kuinama.

Chakula: wali maharage kwa mama lishe nyuma ya karakana, na kipande cha kibua cha kukaanga. Kurasa 11.

8 Machi. Magomeni, jioni

Ramadhani imeingia, nimehamishia matembezi jioni. Kuzunguka mchana ukichora vyakula mbele ya waliofunga si adabu, na mimi mwenyewe nimefunga.

Kuanzia saa kumi na moja barabara ya kwetu inakuwa meza moja ndefu. Masufuria ya mihogo ya nazi, magimbi, maharage ya nazi, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga kwenye ndoo zenye vifuniko. Nimechora meza moja tu, lakini kwa makini. Mwenye meza ametandika kanga kuukuu chini ya sahani, na kila sahani ameifunika kwa kawa. Kawa ni kifuniko cha ukili chenye umbo la kofia. Ukiigusa imekakamaa, ila nyepesi kama karatasi. Mvuke unapita kwenye msuko, kwa hiyo kaimati hazilowi, na nzi hapiti. Nimeihesabu mizunguko ya ukili kuanzia kileleni: 19. Rangi ya zambarau imeingizwa kila baada ya mzunguko wa tatu. Mama alinieleza kwamba miyaa ikipakwa rangi kabla ya kusukwa haichuji, ikipakwa baadaye inachafua chakula.

Adhana ikaadhiniwa nikiwa bado nimeshika penseli. Akanipa tende na kikombe cha uji, akakataa hela. Kesho nitamrudishia kikombe.

22 Machi. Kijiwe cha kahawa

Ukurasa mmoja tu, usiku baada ya kufuturu, na nimeukalia kwa muda wa saa mbili.

Muuza kahawa anatembea na dele la shaba lenye tumbo pana na shingo nyembamba. Chini yake kuna jiko dogo la mkaa lililoshikanishwa na dele lenyewe, kwa hiyo moto unasafiri na kahawa. Mkono wa pili una ndoo ndogo ya maji ya kuoshea vikombe, na kati ya vidole vya mkono huohuo amebana vikombe vidogo vya udongo mweupe visivyo na masikio. Anavigonganisha. Mlio ni mkavu na mwepesi, na mtu aliye ndani ya nyumba akiusikia anajua ni kahawa, wala si karanga wala ubani. Tangazo limetengenezwa na chombo chenyewe cha kunywea.

Vikombe havina mkono kwa sababu, na hili nililiona baada ya kikombe cha tatu: unakishika kwa ncha za vidole ukingoni na kitako, huwezi kukibugia. Kahawa tungu ya moto inakulazimisha ukae. Kashata inakatwa vipande vya mshazari, ukubwa wa kuingia mdomoni mara moja, utamu wake unalainisha ule uchungu. Wazee watano kijiweni, bao katikati, mazungumzo ya mpira na bei ya sukari. Nilichora mikono yao tu, mikono mitano na vikombe vitano.

Nimegundua sijaandika kipimo chochote kwenye ukurasa huu. Sikukusudia. Kurasa 19.

5 Aprili. Mtaa wa Uhuru, na mama

Mama yangu alitaka kanga ya kwendea arusini, nikamwomba aniruhusu nimfuate na daftari. Nimekuwa nikipita Mtaa wa Uhuru miaka yote na kuona rangi. Mama haoni rangi kwanza. Anashika pembe ya kanga kati ya kidole gumba na cha shahada, anaifikicha karibu na sikio. "Hii wanga tupu. Ukifua mara mbili inabaki wavu." Tumepita maduka matano kwa mtindo huo.

Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na jina chini ya mji. Inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, ukafika nyumbani ndipo unapoikata na kukunja kingo. Futi yangu imesema kipande kimoja kina karibu mita 1 na nusu kwa mita 1 na kidogo. Mama hakuitazama futi. Alijifunga moja juu ya gauni palepale dukani, akaangalia kama ncha inazunguka nyonga na kubaki na kiasi cha kuchomeka, akaitupia ya pili kichwani. Ilitosha. Ukiijua kanga kwa kujifunga unaona kwa nini jina limekaa pale lilipo: mtu akitembea mbele yako, unasoma.

Na kusoma ndiko kulikochukua muda. Mwenye duka alikuwa anafungua doti kwa kupiga mkono mmoja hewani, nguo inatanuka, anataja jina kwa sauti. "Hasidi hana sababu." Mama akakataa, arusini haiendi, mtu atadhani anasemwa. "Japo sipati tamaa sikati." Akacheka, akasema hiyo ya wasichana. Ya tisa au ya kumi ikawa "Wema hauozi", pindo la korosho, mji wa njano. Akaipitisha sikioni, akanyamaza, akafungua pochi. Nilimwambia ningependa kuilipia mimi, akasema nilipie ya dada yangu, ile ingine atailipa mwenyewe ili jina liwe lake.

Nimejaza kurasa sita kwa siku moja. Ninazipenda kuliko zote mpaka sasa. Kurasa 25.

12 Aprili

Mvua. Maji yamevuka barabara Jangwani, mabasi yamesimama. Nilijaribu kupita, nikarudi nimelowa mpaka kifuani, na daftari ndani ya begi limekunywa maji. Kurasa za penseli zimenusurika. Zile nne za wino, za mafundi wa katambuga na mchora mabango ya kinyozi wa Manzese nilizozifanya katikati ya wiki, zimekuwa wingu la bluu. Nimezianika juu ya kochi. Hazirudi.

Wino sitautumia tena nje.

26 Aprili. Upanga, Kisutu, Feri

Siku ya Muungano, mji umetulia, nimetembea sana.

Upanga nimetafuta matofali ya matundu. Yapo kwenye ngazi za maghorofa ya zamani, ukuta mzima wa duara, nusu duara, majani manne. Yanapitisha upepo wa baharini, yanazuia jua na jicho la mpita njia, na saa nne asubuhi yanatupa kivuli sakafuni ambacho kinatembea kadiri jua linavyopanda. Nimekaa kwenye ngazi nikikifuata kivuli hicho kwa penseli kwa dakika arobaini. Wateja wangu wa leo wanataka vioo mbele na kiyoyozi ndani, na nimekuwa nikiwachorea bila kubisha. Hilo linaniuma. Jumatatu kuna ramani ya nyumba ya Kimara ninayoanza, na ukuta wa ngazi nitauchora kwa matundu kwanza ndipo tuzungumze bei.

Kisutu nimepita haraka.

Feri, pale soko la samaki Magogoni, mnada ulikuwa umeshapoa. Nimekunywa supu ya pweza yenye ndimu, kisha nikatoka nje kumtafuta muuza madafu. Baiskeli yake imebeba madafu kama sitini kwenye tenga, baiskeli haionekani. Analiweka dafu kiganjani, panga linashuka mara nne, kileleni kunabaki utando mweupe mwembamba, anaupasua kwa ncha na kukupa. Ukimaliza maji unalirudisha, analipasua katikati. Halafu anafanya jambo ambalo nimeliona tangu utotoni bila kulitazama: kwenye ubavu wa kumbi anachanja kipande kimoja, chembamba upande mmoja, kimepinda kidogo, anakuchomekea kwenye nyama ya dafu. Kijiko. Mpindo wake ni mpindo wa dafu lilelile, kwa hiyo kinakomba ukuta wa ndani bila kuacha kitu. Ukimaliza, kijiko na bakuli vinarudi kwenye lundo moja.

Nimekuja nacho nyumbani. Kimeshaanza kusinyaa na kuwa cha kahawia. Nimemwambia binti yangu akichore yeye, na ukurasa huo ni wake. Amechora kijiko, akachora na dafu, akachora na panga. Kurasa 34.

3 Mei. Chapa ya majaribio

Nimepeleka rasimu ya ramani kwa wachapaji. Nilipoikunjua nyumbani nikakuta wamekata ukingo wa kushoto karibu sentimita mbili. Magomeni yote imekwenda, na mabaraza saba. Niliandika wazi kwenye karatasi kwamba ukingo usiguswe. Wamekataa kurudia bila malipo mapya. Shilingi 45,000 zimepotea, na nimekasirika kweli, kwa kuwa kila mchoro ulioko pale umetoka kwa mtu aliyenikaribisha nikae naye. Nitatafuta wachapaji wengine, na safari hii nitasimama karibu na kisu.

Hata hivyo chapa ile imenionyesha kosa langu mwenyewe. Chini nilikuwa nimeweka kipimio cha ramani, kilomita na mita, kama ninavyofanya kazini. Kimekaa kama mgeni. Nimekitoa. Badala yake nachora safu ya vipimo nilivyokutana navyo: fungu, doti, kisado, kikombe cha kahawa, mama wa jiko, goti.

10 Mei. Nyumbani

Kurasa 39. Wa mwisho niliupanga kuwa mbuzi ya kukunia nazi, na sikuhitaji kutoka, maana ya mama ipo jikoni kwetu tangu sijazaliwa. Mbao mbili zimepitishana katikati bila msumari, zinafunguka kama marufaa ya kuwekea msahafu na kufungwa zikawa bapa. Mbele ulimi wa chuma wenye meno. Nimeichora pande tatu, mbele, ubavu na juu, kila mstari na kipimo chake.

Mama akaja kuangalia. Akasema imefanana sana, ila mbuzi hii imekaa kama haina kazi. Akaichukua, akaifungua kwa mguu, akakaa upande, akakusanya kanga katikati ya magoti, akasukuma sinia chini ya ulimi na kuniomba nimpe kizio cha nazi kilichokuwa mezani. Binti yangu akakaa sakafuni mbele yake.

Nimefungua ukurasa mpya. Nimeanzia kwenye goti la mama.